Mama anauliza kama bado natengeneza miguu

Mama akipiga simu, baada ya salamu na habari za mvua, huuliza swali moja kwa sauti ya chini kidogo: "Na wewe, bado unatengeneza miguu?" Si kwamba anaona aibu. Hajapata tu namna ya kulieleza jambo hili kwa majirani. Mwanangu ana shahada ya uhasibu, yuko Ujerumani, anakwangua plasta za miguu ya bandia. Sentensi hiyo haikai vizuri mdomoni mwa mzazi wa Kitanzania.

Shahada yenyewe sikuichagua. Kidato cha nne nilifaulu hesabu, nikapangiwa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, na ukishasoma EGM njia zilizo mbele yako unazijua. Hakuna aliyeniuliza mikono yangu inapenda nini, ingawa tangu shule ya msingi nilikuwa nafungua redio na feni za watu na kuzifunga tena zikafanya kazi. Nyumbani huo uliitwa mchezo. "Acha mchezo, kasome." Nikasoma. Kisha nikazunguka miaka miwili na bahasha ya kaki.

Ujerumani nilikuja kujitolea mwaka mmoja katika nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti kwa sababu ya kisukari, na kila asubuhi kazi yangu ilikuwa kumsaidia kuuvaa ule wa bandia. Unaviringisha soksi ya silikoni juu ya kigutu, ina pini ya chuma nchani. Mzee anasimama, anakandamiza, pini inaingia kwenye kufuli, tik, tik, tik. Alikuwa anahesabu. Ikilia mara chache kuliko jana, anajua kigutu kimevimba.

Siku moja aliamka na maumivu, nikampeleka kwenye karakana ya viungo bandia. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye kucha nyeupe kwa plasta. Hakusema mengi. Alimvua, akatazama ngozi, akaona wekundu mdogo kama ukucha wa mtoto, akapotea nyuma ya pazia, na baada ya dakika arobaini hivi mzee akatembea hadi mlangoni bila kukunja uso. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wasindikizaji na nilijua kabisa kwamba sitaki tena kuona hesabu za mizania maishani mwangu. Nikiambiwa nieleze wito ni nini, nitarudi kwenye kiti kile. Lakini msinielewe vibaya, maana huo haukuwa wito bado. Ilikuwa hamu tu, na hamu watu wengi wanayo.

Kijerumani kazi ya kusomea huitwa Beruf, na neno hilo limetokana na kuita, kama wito wetu ulivyotokana na kuita. Wajerumani wameshalisahau hilo. Neno limechakaa, liko kwenye kila fomu kati ya tarehe ya kuzaliwa na anwani, na hakuna anayelitamka kwa unyenyekevu. Sisi tumefanya kinyume. Wito kwetu bado ni neno la heshima, lakini angalia linatolewa lini. Mwalimu akidai malimbikizo ya mshahara anakumbushwa kwamba ualimu ni wito. Muuguzi akilalamika kwamba yuko zamu peke yake na wodi nzima, uuguzi ni wito. Sijawahi kusikia mtu akisema ubunge ni wito siku ya kujadili posho. Tumelifanya neno kuwa kitambaa cha kufunikia mshahara mdogo, halafu tunashangaa vijana wakilikimbia.

Huku hawaongei wito, wanakupa mkataba. Nilisaini wa kwangu 2020, mwaka uleule sheria ya kima cha chini cha posho kwa wanagenzi ilipoanza kutumika: yuro 515 kwa mwezi kwa anayeanza. Haikutosha, nilifanya vibarua vya Jumamosi na kulala chini ya paa ambalo ukisimama vibaya linakugonga. Lakini nilikuwa najifunza bila kumwomba mtu nauli, na hilo lilibadilisha kila kitu. Ndani ya miaka mitatu ya uanagenzi unabadilishana darasa na karakana, na katika miaka hiyo una ruhusa ya kuwa mbovu. Ruhusa hiyo ndiyo ninayowaonea wivu zaidi ya barabara zao.

Maana nilikuwa mbovu kweli. Ukishachukua umbo la kigutu kwa bandeji za plasta, hili ambalo nyumbani tunaita hogo, unamimina plasta ndani na kupata nakala ya kigutu, nzito kama mtoto. Nakala hiyo unaichonga. Unapotaka mguu ubebe mzigo unakwangua, unapotaka pasiguswe unaongeza. Mwili hausimami juu ya ncha ya kigutu kama watu wanavyodhani; sehemu kubwa ya uzito inabebwa na kano iliyo chini ya pia ya goti na pande za mfupa. Na kuna kichwa cha mfupa mdogo, upande wa nje, ambacho mshipa wa fahamu unapita karibu yake, hapo unatakiwa uwe na adabu. Mimi mwaka wa pili nilisahau adabu kwa milimita chache. Mama mmoja alirudi baada ya siku tatu na kidonda. Hakunifokea. Alivua, akaniwekea mguu mezani, akasema, "Tazama." Nililala vibaya wiki nzima.

Baada ya hapo ndipo kazi ilipoanza kuniita. Kidole gumba kikaanza kujua mambo ambayo mimi siyajui. Nikawa natazama watu barabarani wanavyotembea, natembea nyuma yao kama mwizi, nahesabu hatua. Wahamasishaji wa mitandaoni wanasema jitafute, ujijue, kisha ufuate ndoto zako. Mimi ningelijitafuta hadi leo ningelikuta mtu anayependa kufungua feni. Kigutu cha mtu mwingine ndicho kilichoniambia mimi ni nani, na kilichukua muda wake kusema.

Sasa msije mkadhani nauza Ujerumani. Katika majimbo mengi ya hapa mtoto anatenganishwa na wenzake baada ya darasa la nne, ana miaka kumi tu, wengine kwenda shule inayoelekea chuo kikuu na wengine kwingine. Njia za kurudi zipo, lakini hazina lami. Mwenzangu mmoja darasani, aliyekuwa na mikono mizuri kuliko sisi sote, mpaka leo akijieleza anaanza na kusema yeye si mtu wa kusoma. Aliambiwa hivyo akiwa mtoto. Tahasusi yetu ya kidato cha tano angalau inakukuta una ndevu.

Halafu wanaabudu karatasi. Unaweza kusuka nywele miaka ishirini, ukija hapa huwezi kufungua saluni yako hivihivi, kwa sababu kinyozi ni miongoni mwa kazi 53 za ufundi ambazo mwenye biashara anatakiwa awe Meister, yaani fundi mwenye cheti cha juu cha ufundi, au awe amemwajiri Meister. Kazi yangu mimi pia imo. Kwetu anayetaka gereji anatafuta mti wenye kivuli. Uhuru huo una utamu wake, na nimewahi kuutetea mezani mbele ya Wajerumani mpaka mate yakakauka. Lakini ndio huohuo uliolifanya jina la fundi kuwa utani. Fundi ni "njoo kesho". Fundi ni kitambaa kilichopungua. Ajabu ni kwamba lugha yenyewe inampa heshima ambayo sisi tunamnyima: fundi, kufundisha, kujifunza, mafunzo, yote ni ukoo mmoja. Huku Meister kwenye ngazi za sifa za taifa amewekwa ya sita, pamoja na mwenye shahada ya kwanza. Mwambie hivyo mjomba wako kwenye kikao cha harusi uone atakavyocheka.

Kuna pia mambo ya ngozi. Mteja mmoja alipoona ni mimi ninayekuja na kipimo aliuliza kama hakuna mwingine. Alikuwepo mwingine, akahudumiwa na huyo mwingine. Ukikaa ugenini unajifunza kwamba unaweza kuitwa na kazi na kukataliwa na anayehitaji kazi hiyo, saa hiyohiyo, na bado saa nane kuna mtu wa pili kwenye foleni anayekusubiri.

Lililoniuma zaidi, lakini, halikutoka kwa mteja. Karibu na mtihani wa mwisho, mmoja wa walimu wetu, mzee aliyekaribia kustaafu, aliuliza natoka wapi. Nikamjibu Tanzania. Akaniuliza kwa nini basi nimekuja mpaka huku. Nilidhani ni yaleyale, nikajiandaa kukunja uso. Kumbe yeye alikuwa anauliza kweli. Moshi, akasema, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia tangu 1981, kimejengwa kwa ushirikiano wa Wajerumani na serikali yenu, wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma pale. TATCOT. Akalitamka vizuri kuliko mimi.

Sikuwa nimelisikia. Miaka kumi na mitatu ya kusoma kabla ya chuo kikuu, walimu wa kila aina, siku za ushauri wa taaluma ambapo tuliambiwa udaktari, uhandisi, sheria, uhasibu, na hakuna aliyesema kwamba saa chache kwa basi kuna watu wanaochonga plasta mpaka vijana walioanguka na bodaboda wasimame tena. Nilivuka bahari kutafuta kitu ambacho wenzangu kutoka nchi nyingine walipanda basi kukifuata kwetu.

Wiki iliyopita mama alipiga tena. Safari hii hakuuliza swali lake. Alisema jirani yetu, baba wa watoto wanne, amekatwa mguu mwezi uliopita, kisukari, na yuko ndani tu hatoki. "Sasa wewe si ndiyo kazi yako? Utamtumia mmoja kwenye begi la mtu anayekuja?"

Nikamweleza mguu hautumwi kwenye begi, lazima fundi amguse mgonjwa. Nikamwambia wampeleke Moshi.

Kimya. Kisha: "Kwani Moshi nako wanatengeneza?"