Shemeji na triga ya unywele

Shemeji yangu akishaingiwa na jambo kichwani hakuna wa kumtoa. Safari hii ilikuwa triga, kile kidude unachovuta kwa kidole, ya bunduki yake ya kuwindia, hizi za bolti, yaani chuma unachovuta na kusukuma kwa mkono kuingiza risasi, eti triga ni nzito, eti ndiyo inamkosesha shabaha ya mita 100, wakati sisi wote tuliokuwepo tunamwona jamaa anafumba macho kabla hata hajavuta.

Ila kasoro ilikuwepo, tusimwonee. Siyo uzito, ni kukwaruza. Unaivuta inasogea kidogo, inagoma, inasogea tena, kama droo iliyoingia mchanga, hujui itaachia saa ngapi. Triga ya kilo 1.5 au hata 2 ikiachia paap bila kuburuta ni raha kuliko nyepesi inayokwaruza, nikamwambia hivyo, akanijibu, "Shemeji, wewe na hiyo Mauser yako ya vita utajulia wapi triga?" Iliniuma, maana Mauser 98 yangu ni ya jeshi kweli, triga ina hatua mbili, ya kwanza inateleza tu mpaka ugonge ukuta ndipo uvute ya ukweli, na ukiizoea hutaki nyingine.

Basi akafungua kitako, akakuta skrubu tatu zimezibwa kwa rangi ngumu ya kiwandani. Mwingine angejiuliza kwa nini wameziba. Yeye akatafuta sindano, akakwangua. Moja ni ya springi, nyingine inapanga vile vyuma viwili vinavyoshikilia pini isiruke vikamatane kiasi gani, ya tatu inazuia triga isiendelee kurudi nyuma ikishaachia. Akazungusha zote! Vile vyuma vikabaki vimeshikana kwa unywele. Akaning'iniza mizani ya kupimia mabegi kwenye triga, akavuta, ikafyatuka mizani bado inasoma sifuri. Jamaa akashangilia.

Bunduki tupu, chemba, pale inapokaa risasi, tumeangalia wote wawili, tukaweka risasi bandia ya mazoezi, akanipa nijaribu. Nafunga bolti, tak! Kidole changu kiko huku nje kabisa.

"Umegusa."

"Sijagusa shemeji."

Nikafunga tena polepole kama namlaza mtoto, ikashika, nikailaza mezani mikono juu. Dada akabamiza mlango wa jikoni. Tak!

"Umegusa," ananiambia tena, na bunduki iko mezani peke yake jamani.

Akaanza kunieleza kwamba kuna watu wana mikono mizito hata wakikaa tu karibu na chombo kinaharibika. Dada akapiga kelele kutoka jikoni, "Hiyo bunduki kesho iende kwa fundi, la sivyo ondoka nayo!"

Fundi hakutaka hadithi. Akahakikisha haina kitu, akakoki, akagonga kitako kidogo tu kwa nyundo ya mpira. Tak. Akakoki tena, akaweka sefti, ile loki ya kuzuia isifyatuke, akavuta triga, akaiachia, kisha akatoa sefti taratibu. Tak, hakuna aliyegusa triga. Hapo hata shemeji alimeza mate, maana ingekuwa na risasi ya kweli siku ya kuwinda, unatoa sefti tu na mwenzako yuko mbele yako...

"Nani kaichezea hii?"

Shemeji akaninyooshea kidole. Bila aibu! Nikala somo refu ambalo sijawahi kupewa hata shuleni, kwamba skrubu zikifunguliwa kienyeji unaua mtu, na shemeji pembeni anatikisa kichwa, "Nilimwambia fundi, hasikii huyu."

Fundi akasafisha grisi ya zamani iliyoganda ndani, na kumbe kukwaruza kwote kulitoka hapo, akairudisha kwenye kilo 1.5, akagonga tena kwa nyundo, kimya, akabamiza bolti, kimya, akaziba skrubu kwa rangi. Njiani shemeji ananiuliza, sauti ya upole kabisa, "Hivi ile Mauser yako hatua mbili zote za nini? Si uilete Jumamosi tuipunguze moja?"

Nimemwambia nimeshaiuza.