Si uvivu, ni haya

Ndugu zangu wa Uganda, mimi nimesoma Makerere, sasa niko Uholanzi, Wageningen, na kinaniuma kila nikisikia watu wa nyumbani wanasema wanafunzi wa chuo hawafanyi mazoezi kwa sababu ni wavivu. Si uvivu jamani, ni haya, yaani kuona aibu, halafu ni watu unaokaa nao.

Huku profesa mzima anakuja kazini na baiskeli, mvua inamnyeshea, upepo unampiga usoni, amevaa koti la mvua mpaka magotini na hakuna anayemuuliza gari lako liko wapi. Basi na mimi nikanunua baiskeli ya mtumba, wala sikukaa nikaamua naanza mazoezi, nilifuata wenzangu tu.

Kampala je? Kutoka Kikoni, mtaa wa hosteli zetu, mpaka darasani Makerere ni karibu, lakini mwenye vijisenti anaita boda, maana ukionekana unapiga futingi na jua lile watu wanajua umefulia. Na wazazi wetu waliolima, wakabeba jerikeni za maji mpaka shingo ikauma, wanataka mtoto apumzike, akikuona na raba za kukimbilia anauliza, karo nimelipa usome au ukimbie?

Ndo maana ile ripoti ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya 2018 isitudanganye. Kati ya nchi 168 sisi ndo tulikuwa na watu wachache kabisa wasioshughulisha mwili vya kutosha, 5.5% tu, tukajisifu kweli. Lakini ni jembe hilo, ni maji, ni kutembea kwa lazima. Mtu akiingia chuo jembe linabaki kijijini na hakuna kilichochukua nafasi yake, mchana lekcha, jioni simu kitandani, usiku rolex mbili, zile chapati za mayai, pale Wandegeya karibu na chuo. Na WHO wanataka dakika 150 tu kwa wiki, hata kutembea kwa haraka kunahesabika!

Kwa madada ndo kubaya zaidi. Jirani yangu hosteli alianza kukimbia asubuhi, suruali ya mazoezi na tisheti kubwa, kufika stegi ya boda wanaume wakapiga miluzi, mmoja akamwambia unakimbilia wapi panda nikupeleke, wiki hiyohiyo akaacha. Mnene akikimbia anachekwa, mwembamba anaulizwa unataka uishe kabisa? Mwisho mtu anajiambia haya mambo si ya watu kama mimi, na akishaamini hivyo hata umpe jimu ya bure haendi.

Msidhani huku ni peponi lakini. Desemba saa kumi na moja jioni ni giza tayari, upweke unakubana, mtu anajifungia chumbani na mawazo yake. Mimi walionitoa ni Wakenya na Watanzania wa mpira wa Jumapili, tunacheza kidogo tunapiga stori sana. Na kitu hicho nyumbani kimejaa! Jua lipo, watu wapo, mkimbiaji wetu Joshua Cheptegei alileta dhahabu ya mita 10,000 kutoka Olimpiki ya Paris 2024, nchi nzima ikashangilia, kesho yake tukarudi kukaa tukamwachia yeye kukimbia.

Vyuo vifungue viwanja kwa mwanafunzi wa kawaida, siyo timu ya chuo peke yake, na viweke saa za wasichana. Na nyinyi mlioko hosteli moja gongeaneni milango asubuhi mtoke pamoja, wasichana kumi wakipita mbio pale stegi huyo wa miluzi ataanzia kwa nani?