Shangazi Alimpima Arthur kwa Macho

Kama hujamaliza Red Dead Redemption 2, ishia hapa. Nakwenda kumwaga mtama wote.

Gemu hiyo ya mwaka 2018 ina sura 6 na hitimisho lenye sehemu 2, kwa hiyo anayetafuta msaada mtandaoni akiwa katikati lazima ajilinde asijue mwisho mapema. Mimi nilijilinda kama benki siku ya mshahara. Nikimtaka yule dubu mkubwa, natafuta kwa "O'Creagh's Run" na "dubu", mahali na mnyama, basi. Jina la mhusika mkuu, jambazi Arthur Morgan, haliandikwi kamwe: ukigusa tu "Arthur Mor", kisanduku cha kutafutia kinakumalizia sentensi bila haya. Mapendekezo nikazima, historia nikafuta. Video sigusi, maana picha yake ya jalada ina umbea kuliko video yenyewe. Nasoma maelezo ya maandishi tu, tena ya misheni niliyomo. Ukurasa wa mhusika ndiyo sumu kabisa: kijisanduku cha pembeni kinakuambia yu hai au marehemu kabla hujasoma mstari wa kwanza. Hata binamu yangu wa Pasua, aliyekwisha kuimaliza, nilimwapisha: "Niko sura ya 2. Nikikuuliza njia, nijibu njia."

Shangazi hakuapishwa.

Shangazi ni nesi mstaafu wa wodi ya kifua kikuu. Jioni ile alikuwa sebuleni akimenya ndizi za mtori. Kwenye gemu, Arthur ametumwa na genge lake kudai deni kwa Thomas Downes, mkulima mgonjwa wa karibu na mji wa Valentine. Anampiga, Downes anamkoholea damu usoni. Kisu cha shangazi kikasimama.

"Huyo mwenye kofia kaambukizwa."

"Shangazi, ni gemu tu."

"Makohozi yenye damu, uso kwa uso, unaniambia gemu? Si kila anayekoholewa anaugua, lakini huyu halali, analishwa vya makopo, na sigara juu. Huko ni mwaka gani?"

"1899."

"Basi huyo anakufa. Streptomycin, dawa yake, imepatikana 1943. Angekuwa wa leo, dawa miezi 6, na hospitali ya Kibong'oto si hapo tu!"

Nikamgeukia binamu anikanushie. Binamu, mtu wa kiapo, akaanza kuhesabu mbao za dari.

Tangu hapo sebule ikawa kliniki. Shangazi alitaka kujua wanalala wangapi kwenye hema moja pale kambini, na kwa nini wote hawajapimwa makohozi. Madirisha yakawa wazi kila nikiwasha gemu, baridi ya mwezi wa saba haimhusu. Akipita na chai, swali ni lile lile: "Kashaanza kukonda, baba?"

Sura ya 5, Arthur akaanguka barabarani katika jiji la Saint Denis, akafikishwa kwa daktari, akaambiwa ugonjwa wake. Muziki wa huzuni umeanza, nami najitahidi kuhuzunika, mara sauti ikatoka jikoni:

"Leo ndiyo wanamwambia? Mimi si nilishasema sura ya 2!"