Bunduki za Jana

Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda. Shilingi 1,000 mlangoni, mabenchi ya mbao, na mimi nyuma na maiki natafsiri filamu huku inakwenda. Wachina wakirukiana mateke, mimi ndiye nawaeleza watu nani anamdai nani. Kazi yenyewe inataka vitu viwili tu: sauti ya filamu na sauti yangu, zipite spika moja. Viwili tu, jamani!

Mpwa wangu anayesoma Kampala alikuja likizo, akaifuta kompyuta yangu, akaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. "Mjomba, hii haikusumbui na virusi." Kweli, virusi hakuna. Na sauti pia hakuna.

Alhamisi nawasha: kimya. Nikampigia. Akaniambia nifungue dirisha jeusi niandike alsamixer. Zikatokea nguzo za rangi, chini ya ile ya Master pameandikwa MM. Nikadhani ni Mheshimiwa Mjomba. "Hapana, maana yake imezibwa mdomo. Bonyeza M." Nikabonyeza, ikawa OO. Bado kimya! Kumbe sauti yote inakwenda kwa waya wa HDMI, kwenye televisheni ambayo waya za spika zake panya walishazila zamani.

Tukaigeuza, filamu ikalia. Nikashika maiki, na programu ya maiki inataka JACK. Hapo ndipo nilipojua humu ndani unaishi ukoo mzima. ALSA ndiye mzee wa boma, mradi wa 1998; yeye ndiye anayeongea na kadi ya sauti. PulseAudio alizaliwa 2004, kazi yake kukusanya sauti za programu zote ampelekee mzee. JACK ni mtoto wa wanamuziki, hataki sauti ichelewe hata kidogo, na akishaishika kadi haachii. Nikimwasha, mimi nasikika, filamu bubu. Nikimzima, filamu inanguruma, bubu ni mimi.

Ijumaa kibanda kimejaa. Nikachagua sauti yangu, bunduki nikapiga kwa mdomo. Ta-ta-ta-ta! Helikopta, farasi, geti la chuma, mama analilia mwanawe, vyote kwa shilingi ile ile 1,000. Filamu inaisha, koo limekauka kama dagaa.

Jumamosi mpwa akanizulia jipya: PipeWire, programu ya sauti ya fundi mmoja, Wim Taymans, iliyotangazwa 2017. Eti programu za PulseAudio zikiiona zinadhani ni PulseAudio, za JACK zinadhani ni JACK, na zote zinalia pamoja. Nikamuuliza: kama mpatanishi yupo tangu 2017, mbona jana mimi nimekuwa farasi? Akasema aliniwekea Linux ya zamani kwa sababu kompyuta yangu ni kuukuu. Yaani kosa ni langu! Bando likakata katikati ya kupakua, nikanunua lingine. Hilo nalo si la mpwa.

Jioni zikalia zote mbili, safi, filamu chini, mimi juu. Nikatega sikio nisikie pongezi. Kuna mzee huwa anakaa benchi la mbele kabisa; akageuka, akanitazama kama muuza nyama aliyemzidishia mifupa.

"Kijana, hizi bunduki za leo umezitoa wapi? Turudishie zile za jana."