Gugu karoti, sumu ya mizizi na maharage yangu

Jirani yangu hapa Arusha kashikilia kwamba kile kipande changu kilichovamiwa na gugu karoti kimekufa. "Mizizi imeshatia sumu, hapo hakioti kitu." Mimi nikang'oa nikapanda maharage, yakaota, hayakuwa ya kutambia watu ila yaliota na tukala, na mzee bado anasema nilibahatisha.

Sikatai, mimea inapigana kwa kemikali. Gugu karoti lina kitu kinaitwa parthenini, ukiponda majani yake kwenye kikombe cha maji ukamwagia maji yale kwenye mbegu za mboga zinagoma au zinadumaa. Ila parthenini imejaa kwenye majani na maua kuliko kwenye mizizi, halafu kikombe siyo shamba bana, shambani kuna mvua, kuna bakteria wanaotafuna hizo kemikali kabla hazijafika mbali.

Kuna kisa cha Marekani huwa nakirudia kila nikibishana. Kule magharibi kuna gugu la kutoka Ulaya, Centaurea maculosa, limemaliza malisho hatari. Mwaka 2003 wanasayansi wakaandika kwenye jarida la Science kwamba mizizi yake inatoa katekini (ndio, ukoo wa zile za kwenye majani ya chai) na ndiyo inayoua majirani. Watu wakashangilia. Wenzao wakaenda kupima udongo wenyewe, wakakuta kiduchu sana au hamna kabisa, na 2010 ile makala ikafutwa.

Kinachoniudhi ni kwamba ukishasema ardhi ina sumu unakaa, unasubiri dawa, na huku shina moja la gugu karoti linaweza kumwaga mbegu zaidi ya elfu 15 na linaanza kuchanua likiwa na mwezi mmoja tu au na wiki kidogo, mbegu zinapanda kwenye matairi ya malori ya kokoto, kwenye samadi, zinakuja. Linakuzibia jua na kukunywea maji, hapo halihitaji sumu yoyote!

Sumu niliyoiona mimi ilikuwa mikononi, nilijifanya mwanaume nikang'oa bila glavu, siku mbili nakuna viwiko usiku kucha mpaka mama watoto akahamia kitanda cha wageni. Ng'ombe naye akilila hilo gugu, maziwa yanakuwa machungu.

Mzee wa watu lake kaliacha. Pale mpakani limeshachanua, maua meupe tele, na upepo unatokea kwake kuja kwangu.