Namba E sio gari mpya: ukaguzi unapima umri au unapima mfuko?

Juzi kijiweni pale Mwanga, Kigoma mjini, ulizuka ubishi sababu ya stika tu, ile ya ukaguzi wa gari. Jamaa mmoja ana IST namba E kaipeleka kukaguliwa ikarudishwa, boljointi (kile kiungo kinachoshikilia tairi ya mbele) ya kushoto imelegea na tairi mbili za nyuma ni vipara, alafu siku hiyohiyo mzee mmoja fundi cherehani na Corolla 110 yake ya namba A, ile ambayo wote tunaiitaga marehemu, kapita na stika kabandika. Jamaa wa IST alikuwa hana raha kabisa, anauliza inakuwaje gari yangu mpya inafeli alafu kopo lile linapita?

Mi nianzie hapo kwenye "mpya". Sisi Watanzania tumezoea kusoma umri wa gari kwenye namba, A ni bibi, E ni binti. Ila ile herufi inakwambia gari imesajiliwa lini hapa nchini, haikwambii imetoka kiwandani lini. IST zile za kwanza zilizojaa kila kona, Toyota walianza kuzitengeneza 2002 wakamaliza 2007, kwahiyo hata ukiitoa bandarini na karatasi za kiti hazijatolewa, umeleta gari ya miaka zaidi ya kumi na tano. Ile harufu nzuri ndani ni sabuni ya muuzaji.

Na zinakuja na umri huo kwa sababu. Japani gari binafsi ikinunuliwa mpya inakaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, wenyewe wanaita shaken, na unalipia ukaguzi, bima na kodi kwa pamoja hela ya kuumiza. Kodi ya uzito inapanda gari ikifika miaka 13 na inapanda tena ikifika 18. Mjapani akipiga hesabu anaona bora aachane nayo, na sisi ndo tunaipokea.

Sasa wanaosema uzee ndo tatizo wana hoja, tusiwabishie kishabiki. Ujerumani wanaweka hadharani matokeo ya ukaguzi kila mwaka kwa umri wa gari, na zile za miaka miwili mitatu zinazokutwa na ubovu mkubwa ni chini ya moja katika kumi, lakini ukifika za miaka 12 na 13 ni zaidi ya moja katika kila nne. Hapo huwezi kusema ni bahati mbaya. Mpira unakauka hata gari ikilala tu, bushi zinapasuka, mipira ya breki inachanika, waya zinakuwa ngumu kama vijiti. Alafu kuna kutu. Gari iliyoishi sehemu za barafu kule Japani imekanyaga chumvi inayomwagwa barabarani miaka na miaka, juu inang'aa lakini ukilala chini na tochi unakuta chasesi inameguka. (Huku kwetu ziwa ni maji baridi halili bati, ila waulize wanaobeba chumvi ya Uvinza bodi zao zikoje.)

Ila tuangalie pia gari zinafeli kwa nini, hapa ndo mimi naachana na hao wa "zee litolewe barabarani". Uingereza gari inakaguliwa kila mwaka ikishafika miaka 3, na karibu theluthi zinafeli mara ya kwanza. Vinavyoongoza kuangusha ni taa, shokapu na springi, breki, na tairi. Sio injini kufa wala gari kukatika katikati. Ni vitu vinavyoisha kwa matumizi na vinanunulika dukani, balbu ya indiketa ni hela ya soda. Na kuna kitu huwa kinanichekesha, haohao Waingereza tangu Mei 2018 gari ikizidi miaka 40 na haijabadilishwa sana wameisamehe ukaguzi kabisa. Kwanini? Kwa sababu wenye magari hayo wanayatunza kama mayai na wanayaendesha kidogo. Yaani serikali yenyewe imekubali kwamba uzee peke yake hauui, kinachoua ni uzee ukikutana na mtu asiyekuwa na hela au asiyejali.

Ndo maana nasema ukaguzi unapima mfuko. Gari inashushwa Dar, bosi wa kwanza anabadilisha oili kwa wakati, anauza, wa pili anabana kidogo, wa tatu anaweka spea za mtumba, mpaka inafika kwetu inapiga ruti ya Kasulu na abiria tisa kwenye gari ya watu watano, mwenye gari anadai hesabu kila jioni na dereva nae anataka chake kibaki, hapo boljointi ikigonga ataongeza sauti ya redio. Yule mzee wa cherehani Corolla anayo mwenyewe miaka yote, anaenda nayo dukani na msikitini basi, na kila ikilia kitu anaenda gereji. Umri wa gari yake ni mkubwa kuliko wa IST, ila maisha ya IST ni magumu mara kumi.

Na ukaguzi wetu wenyewe tusiusifie sana. Wenzetu gari inapandishwa kwenye mashine breki ya kila tairi inapimwa nguvu yake, huku kwetu mara nyingi ni macho, washa taa, piga honi, kanyaga breki, onyesha pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Ule mtungi nimeshaushuhudia ukikaguliwa kwenye gari nne asubuhi moja, unahama tu. Tairi za kuazima pia zipo, zinafungwa asubuhi na jioni zimerudi kwa mwenyewe. Taa ya cheki enjini inayowaka muda wote, fundi anatoa balbu kwenye dashibodi na tatizo limekwisha kwa macho ya kila mtu. Kwahiyo stika inasema gari ilikuwaje siku ile, wiki ijayo ni ya Mungu.

Kuna wanaotaka tufanye kama Kenya, gari iliyozidi miaka 8 isiingie. Sisi hatujakataza, tumeweka ushuru wa ziada wa uchakavu, gari ndogo ya miaka 8 mpaka 10 asilimia 15, ikizidi 10 ni asilimia 30. Nia naielewa, bila hivyo tungeletewa vyuma chakavu vya dunia nzima. Lakini angalia kinachotokea kwa mtu wa kawaida, hela yote inaishia bandarini, anafika Kigoma na gari ina tairi zilezile ilizotoka nazo Japani. Zisomeni jamani, ubavuni kuna tarakimu nne, 2314 maana yake wiki ya 23 mwaka 2014, kashata (yale meno ya tairi) zinaweza kuwa nzima na mpira umeshakufa. Na ukizifungia kabisa hizo Probox na Noah, mama mjamzito wa kijijini huko Buhigwe au Kakonko hapandi gari mpya, anapanda bodaboda.

Mi ningeacha umri nikakaza kwenye matumizi. Gari ya abiria ikaguliwe hata mara mbili kwa mwaka na mkaguzi alale chini yake kweli, ya mzee wa cherehani mara moja inatosha. Na ikifeli dereva apewe karatasi yenye orodha na tarehe ya kurudi, kwa sababu jamaa wa IST alichoambiwa ni "nenda katengeneze" tu. Boljointi kabadilisha, kaweka ya mtumba. Tairi anasema mpaka mwisho wa mwezi, na leo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa Mwandiga anaita abiria.