Lipa kwanza utarudishiwa: huo sio msaada jamani

Mwaka jana mwezi wa nane kuna binti nasoma naye hapa Houston, Marekani, alipata barua pepe kwamba amekubaliwa kwenda kongamano la teknolojia kwa ufadhili, akanipigia saa tano usiku niko kazini nabeba boksi, analia kwa furaha mpaka sisikii anachosema. Siku nne baadaye akawaandikia kwamba haji. Nataka niongelee hizo siku nne kwa sababu mpaka leo zinaniuma.

Binti ana miaka 20, wazazi wake wametoka Honduras, mama anasafisha maofisi usiku, baba anapaka rangi nyumba za watu. Kwao yeye ndo wa kwanza kugusa chuo. Anasoma sayansi ya kompyuta na anaijua kweli kweli, mimi nimemzidi miaka saba lakini programu ikinigomea namfuata yeye, anaitazama dakika mbili, anaweka kidole kwenye skrini anakwambia hapa, umeanza kuhesabu kwenye moja, ilitakiwa sifuri. Hana maneno mengi. Mama yake nikienda kwao ananiita mija, ndo kama sisi tunavyosema mwanangu, na siondoki bila kula.

Sasa kwa ambao hamjawahi kwenda, haya makongamano sio semina ya kukaa na kugawiwa soda. Lile kubwa la wanawake linaloitwa Grace Hopper Celebration lilianza mwaka 1994, walilianzisha Anita Borg na Telle Whitney, wanasayansi wa kompyuta, wakalipa jina la Grace Hopper, yule mama wa jeshi la majini la Marekani ambaye mwaka 1952 alitengeneza kompaila, yaani programu inayogeuza maelekezo ya binadamu yawe lugha ya mashine, wakati wenzake walikuwa hawaamini kompyuta inaweza kufanya kitu kama hicho. Kuna na la Tapia, lilianza 2001 hapa hapa Houston, limeitwa kwa jina la Richard Tapia, mwanahisabati wa chuo kikuu cha Rice, wazazi wake walihamia kutoka Mexico na yeye mwenyewe alianzia kwenye chuo cha miaka miwili kule Los Angeles, vyuo vya bei nafuu kama hiki tunachosoma sisi, ndo akaenda UCLA, chuo kikuu cha California cha hapo hapo Los Angeles. Na mwaka 2006 kwenye Grace Hopper ya San Diego wanawake wa Kilatino, yaani wenye asili ya nchi kama Mexico na Honduras, waliokuwepo walitafutana, wakakaa, wakaanzisha kikundi chao, Latinas in Computing. Hicho kikundi kimezaliwa kwa sababu watu walikuwa chumba kimoja.

Ukiingia ukumbini ni kama mabanda ya Sabasaba, safu kwa safu, ila huku makampuni yanatafuta watu. Unampa mtu CV yako saa nne asubuhi mnaongea kidogo, saa nane unapigiwa simu njoo nyuma ya pazia ufanyiwe usaili. Mimi nilienda moja miaka mitatu iliyopita na fildi yangu ya kwanza niliipata pale, dada aliyenihoji alikuwa Mghana, akaniuliza shida gani nimewahi kuitatua mwenyewe, nikamweleza nilivyomtengenezea mjomba Mbagala daftari la madeni ya duka kwenye simu, tukaongea nusu saa. Kwenye intaneti nilikuwa nimeshatuma maombi mengi mno bila jibu hata moja. Kwa hiyo anayeniambia siku hizi vipindi vyote unaweza kuangalia mtandaoni, sawa, vipindi utaangalia, ila yule dada Mghana huwezi kukutana naye kwenye video.

Na Walatino ni karibu watu 20 katika kila Wamarekani 100, lakini ukiwahesabu wanaofanya kazi za kompyuta, wanawake wao ni kama wawili watatu tu kwenye mia. Ndo maana huo ufadhili upo, umewekwa kwa ajili ya binti kama huyu.

Turudi kwenye ile barua pepe. Aya ya kwanza hongera, aya ya pili hongera, aya ya tatu ndo ikasema: kata tiketi ya ndege mwenyewe, lipia hoteli mwenyewe, tunza risiti zote, utarudishiwa wiki sita hadi nane baada ya kongamano. Tukakaa maktaba tukapiga hesabu, ndege kwenda na kurudi, hoteli usiku tatu hata akigawana chumba na mwenzake, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, chakula, ikaja dola 1,340. Akafungua simu akanionyesha akaunti yake, 212, na humo kuna hela ya mafuta ya gari mpaka mwisho wa mwezi.

Mimi nikasema hoteli tutafute ya bei rahisi. Tukapiga simu. Dada wa mapokezi akauliza ana kadi ya mkopo, hana, ana ya benki ya kawaida, basi akasema akifika tutashikilia kiasi fulani kila usiku kwenye hiyo kadi, juu ya bei ya chumba, tutakiachia baadaye. Halafu akauliza miaka. Ishirini. Samahani, hapa tunapokea kuanzia 21. Binti akakata simu taratibu akaiweka mezani kifudifudi, akafungua laptopu tukaendelea na homuweki, hakuongea tena kuhusu hilo siku ile. Siku ya nne akaandika ile barua ya kukataa, amewashukuru, amesema ana majukumu ya kifamilia. Hakuandika kwamba hana hela. Na wao huko nina uhakika wamejaza tu kwamba mwombaji amejitoa.

Hapo ndo mimi nagombana na utaratibu huu. Mtu ameandika insha nzima kuwaeleza kwamba kwao hali ni ngumu, mmeisoma, mmemchagua kwa sababu hiyo hiyo, halafu mnamwambia awakopeshe dola elfu na kitu kwa miezi miwili bila riba! Maana ukiliangalia vizuri ni mkopo, yeye ndo anawakopesha ninyi. Anayeweza kufanya hivyo ni mwenye baba mwenye kadi ya mkopo, na huyo hata bila ninyi angefika.

Nilimuuliza mtu mmoja anayeshughulika na mambo haya, akaniambia tukitoa hela mkononi wengine watakula na hawatakuja. Sikatai, mtu wa hivyo anaweza kutokea. Lakini nani kasema hela ipite mkononi? Katia mtu tiketi kwa jina lake, tiketi haiuziki mtaani. Mlipie chumba moja kwa moja kwa hoteli pamoja na ile hela ya kushikiliwa, mwandikieni meneja wa hoteli kuhusu umri, tayari mmeshachukua vyumba mia kadhaa pale, hawezi kuwakatalia. Maprofesa wakisafiri mara nyingi idara ndo inakata ndege na hakuna anayesema profesa atatoroka nayo. Na yapo makongamano yanayofanya hivyo kwa wanafunzi pia, wanalipia chumba na nauli kabla, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Mimi nilivyoenda ile yangu nilibebwa na Watanzania wa hapa, mama mmoja aliweka jina langu kwenye grupu la WhatsApp jioni, kesho yake usiku ilikuwa imetimia, kuna mtu alituma dola 5 na ujumbe mrefu wa kunibariki. Nikamsimulia mama yake huyu binti, nikamwambia kwetu tunachangiana na pia tuna upatu, kila mwezi mnatoa mnampa mmoja. Akacheka akapiga meza, akasema tanda! Kumbe na wao wanacheza mchezo vile vile, yeye yupo na wanawake tisa wa pale anapofanya kazi, kila mmoja dola 150 kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa ya mwisho kabisa, mwezi wa kumi na mbili.

Mwaka huu binti ameomba tena, kongamano lingine, amepata tena, na aya ya tatu ni ile ile. Mama yake akaenda kwa mwenzake wa kwenye mchezo mwenye zamu ya mwezi wa nane akamwomba wabadilishane. Yule mwenzake alikuwa anasubiri hizo hela za meno ya mtoto wake. Akakubali. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anajitangaza kwamba amewawezesha mabinti wa Kilatino kuhudhuria, nataka ajue kwamba kuna mtoto hapa Houston meno yake yanasubiri risiti za huyu binti zipitishwe na mhasibu.

Baba alikuwa na wasiwasi wa binti kulala mbali peke yake, nimemwambia nitampigia kila usiku, akaitikia kwa kichwa akarudi kwenye mpira wake. Hoteli tumepata inayopokea miaka 18, na pale mapokezi itasimama kadi yangu mimi.

Tiketi tumeikata jana kwenye meza yao ya jikoni. Mama alitoka kazini saa sita usiku hajavua hata aproni, akasimama nyuma yetu ameshika kadi yake karibu na macho, anasoma namba kwa Kihispania moja moja, binti anaandika, mama anatulia, anauliza umeandika, binti anasema nimeandika, anaendelea.